Kisichosomeka Si Kitupu: Uhakiki wa Jumbe za Mfumo Endeshi Unaposhindwa Kutambua Mfumo wa Faili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini fupi ambazo mfumo endeshi wa kompyuta humwonesha mtumiaji pale unaposhindwa kutambua mfumo wa faili uliomo kwenye patisheni ya diski. Matini za Windows, macOS na Linux zimelinganishwa kwa kuongozwa na nadharia ya vitendo vya usemi na kanuni za mazungumzo. Hoja kuu ni kwamba kutotambuliwa ni uhusiano baina ya msomaji na kinachosomwa, ilhali baadhi ya jumbe hizi huugeuza uhusiano huo kuwa sifa ya diski peke yake. Mgeuzo huo una gharama: mtumiaji hualikwa kufuta kazi yake iliyo salama. Makala yanaonesha pia kwamba mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili inaweza kulizidisha kosa hilo au kulirekebisha, kutegemea uteuzi wa mfasiri.

1.0 Utangulizi

Ichukuliwe hali ya mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake kwenye flashi iliyofomatiwa kwa ext4, mfumo wa faili wa kawaida katika Linux. Flashi hiyo inapelekwa kwenye duka la steshenari ili tasnifu ichapishwe. Kompyuta ya dukani inatumia Windows. Flashi inapochomekwa, dirisha dogo linafunguka na kueleza kwamba diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, kisha linauliza iwapo mtumiaji anataka kuifomati. Mhudumu, ambaye ana foleni ya wateja, anakubali. Hakuna kifaa kilichoharibika wala kirusi kilichoingia. Kilichotokea ni kwamba matini ya maneno machache ilisomwa na kuaminiwa.

Tatizo la namna hii kwa kawaida hujadiliwa na mafundi kama suala la kiufundi: diski ina hitilafu gani, na itarekebishwaje? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Kati ya diski na mtumiaji kuna matini, na uamuzi wa mtumiaji hutokana na matini hiyo wala si na diski yenyewe. Iwapo uhakiki wa fasihi na isimu matini umekubali kuchunguza matangazo ya biashara, maandishi ya kwenye magari na misemo ya kanga, hakuna sababu ya kuiacha nje matini ambayo neno moja ndani yake linaweza kuifuta kazi ya miaka mitatu.

Makala haya hayadai kwamba watunzi wa jumbe hizo walikusudia kupotosha. Yanachodai ni kwamba jumbe hizo zina maana inayozidi nia ya watunzi wake, na kwamba maana hiyo inaweza kuoneshwa kwa kuzisoma sambamba na kile ambacho mfumo endeshi ulikijua kweli wakati ulipozitoa.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unaegemea mawazo mawili. La kwanza ni la Austin (1962), aliyeonesha kwamba usemi hautoi taarifa tu bali pia hutenda: huahidi, huamuru, huonya, hualika. Ujumbe wa kompyuta una nguvu hiyo kwa kiwango kisicho cha kawaida, kwa kuwa chini yake huwekwa vitufe. Kitufe kinapobonyezwa, kitendo kilichotajwa hutekelezwa palepale, bila nafasi ya kukana.

Wazo la pili ni la Grice (1975). Kwa mujibu wake, wazungumzaji hushirikiana kwa kuzingatia kanuni nne: ya kiasi, kwamba taarifa isipungue wala isizidi inayohitajika, ya ubora, kwamba lisemwe linaloaminika kuwa kweli na lenye ushahidi, ya uhusiano, kwamba lisemwe linalohusika, na ya namna, kwamba lisemwe kwa uwazi na kwa mpangilio. Msikilizaji huamini kwamba kanuni hizi zimefuatwa, na kwa imani hiyo huongeza maana ambazo hazikutamkwa. Mtumiaji anayeambiwa kwamba diski inatakiwa kufomatiwa huhitimisha kwamba hakuna njia nyingine, kwani kama ingekuwepo angetajiwa. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo: madhara mengi hayatokani na lililosemwa, bali na lililoachwa.

Ili kanuni ya ubora itumike kwa haki, sharti ijulikane kwanza msemaji alikuwa na ushahidi gani. Sehemu inayofuata inaeleza ushahidi huo.

3.0 Mfumo Endeshi Unajua Nini?

3.1 Mashahidi wawili

Diski haijitangazi. Kwa mfumo endeshi, diski ni mfululizo mrefu wa baiti, na kila maana inayopatikana humo hutokana na kujua mahali pa kutazama. Mashahidi ni wawili. Wa kwanza ni jedwali la patisheni, lililoko mwanzoni mwa diski, ambalo hueleza kila patisheni inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ni ya aina gani. Katika utaratibu wa zamani uitwao MBR, aina hiyo huandikwa kwa baiti moja tu. Katika utaratibu mpya wa GPT huandikwa kwa kitambulisho kirefu cha baiti 16. Shahidi wa pili ni alama inayowekwa ndani ya patisheni yenyewe wakati inapofomatiwa.

Mashahidi hawa hawalingani kwa uaminifu. Baiti ya aina katika MBR ni sawa na jina lililobandikwa juu ya bahasha: haithibitishi kilichomo. Thamani 07 katika heksadesimali, kwa mfano, hutumika kwa NTFS na pia kwa exFAT, mifumo miwili ya faili inayotofautiana kabisa. Kwa sababu hiyo, programu makini huitazama alama ya ndani.

Alama za ndani nazo hazikai mahali pamoja. NTFS huandika jina lake kuanzia baiti ya 3 ya sekta ya kwanza, na exFAT hufanya vivyo hivyo. Familia ya ext2, ext3 na ext4 huacha baiti 1,024 za mwanzo na kuweka bloku kuu baada ya hapo. Alama yake, EF53, hupatikana kwenye baiti ya 1,080. Kwa kuwa alama hiyo ni moja kwa zote tatu, msomaji hulazimika kuendelea hadi kwenye orodha ya sifa za mfumo ili kuzitenganisha. Btrfs huiweka bloku kuu yake mbali zaidi, kwenye baiti ya 65,536. Msomaji anayetazama sekta ya kwanza peke yake hataiona ext4 wala Btrfs, hata kama zote mbili ni nzima.

Wakati mwingine alama huzidi badala ya kupungua. ZFS huhifadhi nakala nne za lebo yake, mbili mwanzoni na mbili mwishoni mwa diski. Diski iliyowahi kutumika kwa ZFS ikifomatiwa upya bila kusafishwa, lebo za mwishoni zinaweza kubaki na kuendelea kutoa ushahidi juu ya mfumo ambao haupo tena. Katika hali kama hiyo programu ya blkid ya Linux, ikiagizwa kuchunguza diski moja kwa moja, inaweza kukataa kuchagua: hurejesha namba 8, yenye maana kwamba matokeo yana utata. Namba hiyo ni kauli adilifu. Msomaji anakiri kwamba ameona usomaji zaidi ya mmoja na hana haki ya kuupendelea wowote.

3.2 Kutambua si kusoma

Hata alama ikionekana, kazi haijaisha. Kujua kwamba hati imeandikwa kwa Kiarabu ni jambo moja; kuweza kuisoma ni jingine. Mfumo endeshi huhitaji kiendeshi cha mfumo wa faili husika, yaani programu inayojua kanuni za mpangilio wake. Historia ya exFAT inaonesha pengo hili vizuri. Microsoft iliutoa mfumo huo mwaka 2006, na baadaye ukawa mfumo rasmi wa kadi za SDXC, zile zinazozidi gigabaiti 32. Hata hivyo, Microsoft ilichapisha maelezo yake kamili mwaka 2019, na kiendeshi chake kamilifu kiliingia katika kiini cha Linux toleo la 5.7 mwaka 2020. Kabla ya hapo, mtumiaji wa Linux ambaye hakuweka programu ya nyongeza aliweza kuambiwa kwamba aina ya mfumo wa faili "exfat" haijulikani. Ujumbe huo unalitaja kwa jina lile unalosema halijulikani. Kinachoonekana kama kichekesho ni ukweli mtupu: sehemu moja ya mfumo ilikwisha kuitambua alama, na sehemu nyingine haikuwa na uwezo wa kuisoma.

Kwa muhtasari, mfumo unaposema "sitambui", huenda kumetokea mojawapo ya mambo matano: kifaa chenyewe hakitoi data, jedwali la patisheni limeharibika au linadanganya, alama haipo mahali ilipotafutwa, alama ipo lakini kiendeshi hakipo, au alama na kiendeshi vipo lakini miundo ya ndani imeharibika. Hali ya sita, kwamba diski kweli ni mpya na haijawahi kufomatiwa, ni moja tu kati ya nyingi. Ushahidi ulioko mikononi mwa mfumo mara nyingi hautoshi kuitenga hali hiyo na nyingine.

4.0 Uchambuzi wa Matini

4.1 Windows: ukweli unaochelewa

Katika Windows XP, ujumbe ulisema kwamba diski haijafomatiwa na kuuliza iwapo mtumiaji alitaka kuifomati wakati huohuo. Kwa flashi ya ext4, au kadi ya exFAT katika XP isiyo na nyongeza iliyohitajika, kauli hiyo haikuwa kweli. Mfumo haukuwa na ushahidi kwamba diski haijafomatiwa. Ulikuwa na ushahidi kwamba wenyewe haukuitambua. Kanuni ya ubora imevunjwa waziwazi.

Matoleo yaliyofuata yalibadili maneno. Ujumbe sasa husema kwamba mtumiaji anatakiwa kuifomati diski kabla ya kuweza kuitumia. Mabadiliko haya yanastahili kupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa uongo wa awali umeondolewa lakini mahali pake pamewekwa sharti. Sentensi haielezi tena hali ya diski. Inaeleza wajibu wa mtumiaji. Mtu anaweza kuipinga taarifa kwa kusema "nilikwisha kuifomati", lakini si rahisi kuupinga wajibu. Aidha, neno "kabla" linadokeza kwamba baada ya kufomati mtumiaji atafikia alilokusudia. Kwa aliyekusudia kuzifungua faili zake, kinyume chake ndicho kitakachotokea.

Jambo zito zaidi linaonekana mtumiaji anapokataa. Akibonyeza kitufe cha kughairi, ujumbe wa pili hujitokeza ukieleza kwamba diski haina mfumo wa faili unaotambulika, na kumtaka mtumiaji ahakikishe kwamba viendeshi vyote vinavyohitajika vimepakiwa na kwamba diski haijaharibika. Ujumbe huu wa pili ni bora kuliko wa kwanza karibu kwa kila kipimo. Unazungumzia kutambulika, si kukosekana. Unataja uwezekano kwamba upungufu uko upande wa kompyuta. Unatenganisha kiendeshi kilichokosekana na diski iliyoharibika. Kwa ufupi, unasema takribani kile ambacho mfumo ulikuwa na haki ya kukisema tangu mwanzo.

Hivyo basi, kasoro ya msingi ya Windows si kukosa ukweli bali mpangilio wake. Ukweli umewekwa nyuma ya mlango ambao hufunguliwa na yule tu aliyekataa ushauri. Mwenye kutii hauoni. Hapa ndipo kanuni ya namna, ambayo wahakiki wengi huichukulia kuwa ya mapambo, inapogeuka kuwa kanuni ya usalama: taarifa ileile, ikitanguliwa na kitendo kisichorudishika, haina thamani tena.

4.2 macOS: msomaji anayejitaja

Katika macOS, ujumbe husema kwamba diski iliyounganishwa haikuweza kusomwa na kompyuta hii. Vitufe vyake humruhusu mtumiaji kuitoa diski, kupuuza ujumbe, au kuianzisha upya diski. Maneno mawili ya mwisho wa sentensi, "kompyuta hii", ndiyo yanayoutofautisha ujumbe huu na ule wa Windows. Yanamtaja msomaji. Yanaacha wazi uwezekano kwamba kuna kompyuta nyingine inayoweza kuisoma diski hiyohiyo, na mtumiaji mwenye akili ya kawaida ataufikia uwezekano huo bila kufundishwa.

Hata hivyo, matini hii nayo ina doa. Kitufe cha kuanzisha upya hutumia neno la upole kwa kitendo cha ukatili. Ni tasfida. Mtumiaji anayebonyeza hapo hupelekwa kwanza kwenye programu ya kusimamia diski, hatua inayompa nafasi ya kutafakari, lakini neno lenyewe halimwonyi kwamba njia hiyo ni ya kufuta.

4.3 Linux: ukweli unaofurika

Amri ya kuunganisha diski katika Linux, inaposhindwa, kwa muda mrefu imetoa ujumbe unaoorodhesha sababu nyingi kwa pumzi moja: aina ya mfumo wa faili si sahihi, au chaguo si sahihi, au bloku kuu ni mbovu, au kuna programu saidizi iliyokosekana, au kosa jingine. Kwa kanuni ya ubora, ujumbe huu hauna lawama: haudai zaidi ya unachokijua. Haumwaliki mtu kufuta chochote. Lakini kwa kanuni ya kiasi na ya namna, umeshindwa. Umemmwagia msomaji uwezekano wote bila kumwambia aanze na upi, na kipengele cha mwisho, "kosa jingine", kinaifanya orodha nzima iwe sawa na kutosema kitu. Fundi mzoefu atautumia kama ramani. Mhudumu wa steshenari atauona kama ukuta.

Ulinganisho huu unazuia hitimisho jepesi kwamba ujumbe mrefu ni mkweli na mfupi ni mwongo. Ujumbe wa macOS ni mfupi na mkweli. Kinachotofautisha matini hizi si urefu, bali iwapo kushindwa kumepewa mwenyewe.

5.0 Bahasha Iliyoshirikiwa

Kuna kisa katika historia ya GPT kinachoonesha kwamba kosa la kimatini laweza kuanzia hata kabla ya ujumbe kuandikwa. Katika GPT, patisheni za data za Windows hutambulishwa kwa kitambulisho kinachoanza na EBD0A0A2. Kwa miaka kadhaa, programu za Linux za kugawa diski zilikitumia kitambulisho hichohicho kwa patisheni za Linux, kana kwamba "data ya kawaida" ni jina lisilo na mwenyewe. Matokeo yake, kwenye kompyuta zenye mifumo endeshi yote miwili, Windows iliziona patisheni hizo kama zake, haikuweza kuzisoma, na ikamwalika mtumiaji azifomati. Baadaye kiliundwa kitambulisho mahususi cha Linux, kinachoanza na 0FC63DAF, na Windows ikaacha kuziwekea patisheni hizo herufi ya diski wala kuziombea kufomatiwa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, lawama haikuwa ya upande mmoja: upande wa Linux uliandika jina lisilo lake juu ya bahasha, na upande wa Windows ukaliamini jina hilo kuliko ulivyoitilia shaka nafsi yake. Pili, marekebisho hayakuhitaji kufundisha Windows kusoma ext4. Ilitosha Windows kujulishwa kwamba patisheni ile ni ya mwingine. Kujua kwamba kitu ni cha mwingine ni maarifa kamili, hata kama kilichomo hakifahamiki. Wasomaji wa hati za kale za Kiswahili wanaifahamu hali hiyo: mtu asiyejua hati ya Kiarabu anaweza kupewa mswada wa utenzi asiweze kusoma hata neno, lakini hatasema kwamba kurasa ni tupu, na wala hatazitumia kufungia karanga. Usilolijua ni usiku wa giza. Giza si ushahidi kwamba chumba hakina watu.

6.0 Kiswahili na Swali la Mtenda

Jumbe hizi zinapofasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri hukabiliwa na uteuzi ambao matini ya asili haikumlazimisha kuufanya. Uteuzi wa kwanza ni baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. "Diski haisomeki" ni sentensi fasaha na fupi, nayo ingemvutia mfasiri yeyote anayebanwa na nafasi ya dirisha dogo. Lakini kiambishi -ek- kwa kawaida hakibebi mtenda. Kisichosomeka hakisomeki kwa asili yake: mwandiko mbaya hausomeki, barua iliyoloa maji haisomeki. Sentensi hiyo inaihamishia diski udhaifu wa msomaji. Kinyume chake, "diski haikusomwa na kompyuta hii", au kwa ubora zaidi "kompyuta hii imeshindwa kuisoma diski", inamrudisha mtenda mahali pake.

Uteuzi wa pili unahusu kiambishi -ja-. "Haijafomatiwa" haisemi tu kwamba tendo halikufanyika. Inadokeza kwamba tendo lilitarajiwa na bado linangojewa. Anayesema "hajala" anamtarajia mtu ale. Kwa hiyo ujumbe wa XP, ukifasiriwa kwa uaminifu wa kisarufi, ungekuwa na msukumo mkubwa zaidi katika Kiswahili kuliko ulivyokuwa katika lugha yake ya asili: ungelikuwa kosa la taarifa na hapohapo ungekuwa hima ya kutenda.

Uteuzi wa tatu ni wa istilahi. Neno "kuumbiza" limependekezwa na kutumika katika violesura vya Kiswahili badala ya "kufomati". Kwa upande wa uundaji wa istilahi, neno hilo lina sifa nzuri: lina mzizi wa Kibantu na linanyambulika. Lakini kwa msikilizaji asiye fundi, kuumbiza ni kukipa kitu umbo, jambo jema lisilo na hasara. "Kufomati", kwa upande mwingine, ni neno la mitaani ambalo watumiaji wengi wamelijua kwa uchungu: flashi iliyofomatiwa ni flashi ambayo vitu vyake vimeondoka. Panapohusika onyo, neno la mkopo lenye kumbukumbu ya hasara linafaa kuliko neno sanifu lisilo na kumbukumbu yoyote. Hoja hii haiubezi usanifishaji. Inasisitiza tu kwamba istilahi hupimwa pia kwa kazi inayofanya pale ilipowekwa.

7.0 Mjadala na Pendekezo

Upande wa utetezi wa ujumbe wa Windows unastahili kusikilizwa. Katika enzi ya disketi, diski nyingi zilinunuliwa zikiwa hazijafomatiwa, na swali la kufomati lilikuwa msaada wa kweli kwa mtumiaji aliyefungua boksi jipya. Ujumbe ulizaliwa katika mazingira hayo. Lakini leo flashi na kadi nyingi huuzwa zikiwa zimekwisha kufomatiwa, na diski isiyotambuliwa ina uwezekano mkubwa wa kuwa na faili za mtu. Ujumbe umedumu baada ya hali iliyouhalalisha kupita.

Inaweza pia kudaiwa kwamba kufomati kwa haraka hakufuti data yote. Dai hilo ni kweli kwa sehemu. Kufomati kwa haraka huandika upya miundo ya mwanzoni, na mengi yaliyobaki hayaguswi mara moja; ext4 pia huhifadhi nakala za bloku kuu ndani zaidi ya patisheni, kwa kawaida kwenye bloku ya 32,768 pale bloku zinapokuwa za kilobaiti 4, na nakala hizo huweza kusalia na kuongoza uokoaji. Hata hivyo, tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu huandika sufuri kwenye diski nzima, na hapo hakuna cha kuokoa. Zaidi ya hayo, uwezekano wa kuokoa si utetezi wa ujumbe uliosababisha haja ya kuokoa.

Kutokana na uchambuzi huu, utaratibu wa uchunguzi unaofaa unajipanga wenyewe, na kila hatua yake ni ya kusoma bila kuandika. Kwanza, itazamwe iwapo kifaa kinaonekana na ukubwa wake ni sahihi. Ukubwa ukiwa sufuri, tatizo ni la kifaa na si la mfumo wa faili. Pili, lisomwe jedwali la patisheni. Tatu, itafutwe alama ndani ya patisheni kwa programu kama blkid, au wipefs bila chaguo lolote la kufuta, ambayo licha ya jina lake huorodhesha tu alama ilizoziona. Nne, iulizwe iwapo kompyuta hii ina kiendeshi cha mfumo uliotambuliwa. Kama haina, diski ijaribiwe kwenye mfumo endeshi mwingine. Tano, ikibainika kwamba miundo imeharibika, diski nzima inakiliwe kwanza, na ukarabati ufanywe kwenye nakala. Kufomati kunakuja baada ya yote haya, kwa uamuzi wa mwenye data.

Ujumbe unaoafiki utaratibu huo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kuzidi nafasi ya dirisha la kawaida: "Kompyuta hii imeshindwa kutambua mfumo wa faili wa diski hii. Huenda diski ina faili. Jaribu kwenye kompyuta nyingine. Ukiifomati, faili zote zitafutika." Sentensi ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili inakiri kutojua. Ya tatu inatoa njia isiyo na hasara. Ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, inataja kitendo cha hatari pamoja na matokeo yake. Kitufe kinachotangulia kiwe cha kuitoa diski.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba jumbe za kutotambua mfumo wa faili zinaweza kusomwa kama matini nyingine yoyote, na kwamba usomaji huo unafichua kasoro ambazo ukaguzi wa kiufundi pekee hauzioni. Windows ina ukweli lakini imeuchelewesha. Linux ina ukweli lakini imeufurisha. MacOS imemtaja msomaji lakini imelifunika tendo la kufuta kwa tasfida. Katika zote, kipimo kilichotumika ni kimoja: je, msemaji ametenganisha asichokiona na kisichokuwepo?

Wafasiri wa programu kwa Kiswahili wana nafasi ambayo watunzi wa awali hawakuitumia. Sarufi ya Kiswahili inawadai waamue nani ameshindwa. Wakichagua "haisomeki", watakuwa wamerithi kosa. Wakichagua "imeshindwa kuisoma", mhudumu wa steshenari atakuwa na sababu ya kuichomoa flashi na kumrudishia mwenyewe ikiwa na tasnifu ndani yake.